Nusu ya Taarifa ya Habari

Nakumbuka jioni moja ya mwezi wa nane pale Igamba, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye vichanja vya waya uani kwa baba mkubwa, nami nikitoa punje mbovu huku midomo ikinichezacheza kwa kukariri majina ya mawaziri. Nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani, na duniani nilitaka kitu kimoja tu: kazi ya serikali. Nawe nakuona, mwanangu, unavyotembea na simu mkononi ukisoma maswali ya usaili mpaka chakula kinapoa mbele yako. Usione aibu, nimepita huko. Ndiyo maana nataka nikusimulie habari za kaka yangu Lusungu, mtoto wa huyo baba mkubwa, na yaliyompata kuanzia jioni hiyo. Naamini yatakufaa kuliko mafaili yote unayotumiwa na wenzako.

Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Mbeya. Huu mkoa wetu wa Songwe ulikuwa haujafikiriwa hata jina. Halmashauri ilikuwa imetangaza nafasi za watendaji wa kata. Usaili ungefanyika Vwawa, kwanza wa kuandika, kisha wa kuulizwa ana kwa ana, na kila aliyewahi kuupitia alituambia jambo lilelile: watawauliza mambo ya sasa. Nani waziri wa nini. Bei ya kahawa imeshuka kwa nini. Mapambano ya ukombozi huko Kusini yanaendeleaje. Basi sisi vijana tulioomba tukayafanya mambo ya sasa kuwa kama katekisimu, swali na jibu, swali na jibu, tangu tukienda kisimani mpaka tukirudi.

Redio tuliyoitegemea ilikuwa ya baba mkubwa, na betri zake zilikuwa zimechoka. Mchana tulizianika juani juu ya banda la kuku ili zipate nguvu kidogo. Zikituhurumia, tulipata taarifa ya habari ya saa kumi yote. Zikikataa, tulipata kipande tu. Hatukuwa na namna ya kuirudisha nyuma habari kwa kidole kama unavyofanya wewe.

Katika wote tuliokuwa tunajiandaa, Lusungu alikuwa mbele yetu kwa mbali. Alikuwa akisikia jambo mara moja, analitoa kama lilivyo, na sauti ya mtangazaji juu yake. Kijiji kizima kilimwita Mtangazaji. Asubuhi kwenye mashine ya kusaga akina mama walikuwa wakimwita kwa mbali, "Mtangazaji, leo dunia imeamkaje?" Naye anasimama, anashika kiuno, anawapa dunia. Aliipenda heshima hiyo, siwezi kukuficha, na sisi ndugu zake tuliipenda pia. Tena hakuwa kasuku. Alijua kueleza kwa nini jambo limetokea na litafika wapi. Shika hilo, maana matatizo yake hayakutokana na ujinga. Yalitokana na akili.

Mwaka huo wilayani kwetu Mbozi tulikuwa tumevuna mahindi mpaka watu wakapanga magunia sebuleni, wakati ng'ambo ya mpaka mvua zilikuwa zimewakatalia. Malori yalikuwa yakipanda kutoka Tunduma yakitafuta mahindi, madalali wake wakichanganya Kiswahili na Kibemba kama wafanyavyo watu wa mpakani, na bei ilikuwa ikisogea juu kila wiki. Wazee wakashauriana watu wasiharakishe kuuza. Jirani yetu Mama Festo, mjane, naye aliweka magunia yake akingojea. Alitaka kuezeka bati. Nyasi za nyumba yake zilikuwa zimeoza, na masika iliyopita watoto wake walilala wamejikunyata kwenye pembe moja ya chumba iliyokuwa haivuji.

Sasa, jioni ile. Lusungu alichelewa kutoka shamba, akaja mbio, jembe akalitupa mlangoni, akawasha redio. Taarifa ilikuwa imeshaanza. Tulipata mkwaruzo, mkwaruzo, kisha ghafla sauti ikatoka safi kabisa: "...kwamba Serikali imepiga marufuku uuzaji wa mahindi nje ya nchi kuanzia sasa..." Halafu redio ikakoroma na kunyamaza. Lusungu akaipiga kibao, akatoa betri, akazing'ata kwa meno kama tulivyozoea kufanya, akazirudisha. Kimya.

"Umesikia, Yunisi?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Hili wataliuliza Vwawa. Hili haliwezi kukosa."

Akavaa shati lake, akaenda zake kwenye mashine ya kusaga, ambako saa hiyo watu walikuwa bado wengi. Mimi nilimfuata nikiwa na debe langu la mahindi. Alipofika hakusema kwamba amesikia kipande. Alisema Serikali imefunga mpaka kwa mahindi. Watu wakamzunguka. "Kwa nini, Mtangazaji?" Akawaeleza, mwanangu, akawaeleza vizuri sana: kwamba njaa ya jirani ni kubwa, kwamba mahindi yakiachwa yatoke yote bei itapaa hata kwetu, kwamba ghala la taifa lazima lilindwe kwanza. Kila neno lilikuwa na mantiki. Mtu angedhani alikaa na waziri mezani.

Pembeni lilikuwa limesimama lori, na dalali wake alikuwa ameegemea bodi akila karanga. Hakubisha. Alisikiliza kwa makini kuliko wote, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Basi, ndugu zangu, mimi mwenyewe nimekwama," alisema. "Lakini kwa kuwa tunajuana, siwezi kuwaacha. Nitayachukua kwa bei ya humu ndani, nikatafute pa kuyaweka."

Hiyo bei ya humu ndani ilikuwa nusu ya ile iliyokuwa ikisemwa asubuhi. Watu walitazamana, kisha mmoja akaenda nyumbani kuleta mzigo wake, akafuata mwingine, na kabla jua halijazama lori lilikuwa limejaa. Mama Festo alikuwa miongoni mwa wa mwisho kupakia. Alipomaliza alikuja kwa Lusungu, akampa mkono kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwanangu. Bila wewe yangeniozea ndani."

Asante hiyo ndiyo iliyomtesa kaka yangu baadaye kuliko tusi lolote.

Kesho yake asubuhi alikuja Mwalimu Mwampashi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyetufundisha sote kusoma, na nyumbani kwake kulikuwa na redio yenye betri nzima. Alitukuta uani tukigeuza kahawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lusungu, habari ya mahindi umeitoa wapi?"

"Redioni, Mwalimu. Taarifa ya saa kumi."

"Hebu nitolee kama ulivyoisikia. Usiongeze wala usipunguze."

Lusungu akasimama wima, akaweka sauti yake ile. "Kwamba Serikali imepiga marufuku uuzaji wa mahindi nje ya nchi..."

"Simama hapo," Mwalimu akasema. "Kwamba. Hilo neno limeanza lini kufungua sentensi? Kabla ya hilo kwamba kulikuwa na nini?"

"Sikusikia, Mwalimu. Betri zilikuwa mbovu."

"Mimi nilisikia. Waziri amekanusha uvumi ulioenea kwamba Serikali imepiga marufuku uuzaji wa mahindi nje ya nchi. Amekanusha, Lusungu. Amewataka wakulima waendelee kuuza kwa kufuata utaratibu."

Nilimtazama kaka yangu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukikauka vile. Mwalimu hakupaza sauti, na hata leo nikimkumbuka namkumbuka akisema polepole, fimbo yake ikiwa imelala juu ya magoti.

"Betri si kosa lako. Ungewaambia watu umesikia kipande, wangengoja kidogo. Wewe kipande ulichokosa ulikishona mwenyewe, na ukakishona vizuri mno, ndiyo maana wakakuamini. Umesomea kujibu, mwanangu. Hujasomea kusikiliza."

Lusungu alitoka palepale, akadandia lori la mbao, akaenda Tunduma. Alilikuta lori la mahindi kwenye foleni ya kuvuka, turubai limefungwa, dalali amekaa kivulini akinywa soda. Alimweleza. Alimwomba. Yule mtu hakukasirika hata kidogo. Alimcheka taratibu, akamwambia, "Kijana, mimi nilitangaza chochote pale? Si wewe?" Foleni ikasogea, lori likavuka. Lusungu alirudi siku ya pili, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Jumapili, baada ya ibada, Mwalimu alimwambia, "Ulisema hadharani. Rudi hadharani." Akasimama mbele ya watu wote nje ya kanisa. Hakutumia sauti ya mtangazaji. Alisema amesikia nusu na kutangaza nzima, na kwamba watu wameuza kwa hasara kwa sababu ya mdomo wake. Wanaume wengine waliguna, mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi wamezidi. Kisha Mama Festo akasema kutoka nyuma, bila hasira, jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote.

"Nimekusikia, Lusungu. Paa langu ndilo halijasikia."

Wiki zilizofuata kaka yangu hakushika kitabu. Alikwenda mabondeni kukata nyasi, akabeba mizigo kwa kichwa, na kwa msaada wa vijana wachache tukamwezekea Mama Festo nyumba yake upya. Nyasi, si bati. Bati alilokuwa amelikusudia lilikuwa limevuka mpaka. Mama Festo alimpa maji ya kunywa kila siku, kwa sababu alikuwa mama mwenye adabu, lakini hakumwita Mtangazaji tena, wala hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Usaili ulipokaribia, Lusungu alisema haendi. Alisema mtu wa namna yake hafai kupewa kata. Baba mkubwa alimbembeleza, akamfokea, akachoka. Aliyemgeuza ni Mwalimu.

"Wenzako wengi wanakwenda Vwawa hawajui neno la mtendaji lina uzito gani," alimwambia. "Wewe sasa unajua. Kwa hiyo uende wewe, au tuwaachie wasiojua?"

Tukaanza kujifunza kwake upya, mimi na Lusungu, kwenye baraza yake. Mwalimu hakutuuliza majina ya mawaziri hata mara moja. Tulisikiliza taarifa tangu mwanzo hadi mwisho, kisha anatuuliza: nani amesema? Amesema lini? Je, imeshaamuliwa au inapendekezwa tu? Tukivuka hapo anauliza swali ambalo mimi lilikuwa likinichosha: habari hii ikifika Igamba, itaingia nyumba ya nani? Mtu anasema bei ya mbolea, sisi tunatakiwa tumtaje mkulima. Mtu anasema ugonjwa wa mifugo, tunatakiwa tuwakumbuke wafugaji wa kule Momba. Lusungu alikuwa kimya sana siku hizo. Mimi nilikuwa na haraka, na nikifika nyumbani nilirudia kukariri orodha yangu kwa siri.

Siku ya usaili ikafika. Mtihani wa kuandika tulifanya asubuhi, na walioupita tukaitwa mmoja mmoja mbele ya jopo. Mimi niliingia mapema. Nilijibu kwa kasi, kifua mbele, nikamwaga baraza la mawaziri lote bila kupumua. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye miwani, aliniacha nimalize. Kisha akaniambia wizara mbili kati ya hizo zilikuwa zimebadilishiwa mawaziri wiki ileile. Hakunicheka. Aliandika kitu, akaniruhusu nitoke. Nikajua.

Nilikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha lisilo na kioo, kwa hiyo zamu ya Lusungu niliisikia yote.

"Tunasikia Serikali imezuia mahindi kwenda nje," yule mama alimwambia. "Wewe ukiwa mtendaji, utawaelezaje wananchi wako?"

Nilishika benchi kwa mikono miwili. Kati ya maswali yote duniani, wamempa hilo.

"Mama, mimi sivyo nilivyosikia," Lusungu alisema. "Nilivyosikia, waziri alikanusha. Alisema wakulima wauze kwa utaratibu."

"Na kama uamuzi umebadilika jana?"

"Kama umebadilika jana, sijui, mama. Jana nilikuwa njiani nakuja huku, sikusikia taarifa. Nisingewaambia wananchi lolote mpaka niulize wilayani nipate kauli kamili."

Sauti ya mwanamume mwingine ikaingia kati. "Kijana, hapa umekuja kutuonyesha unachokijua. Unatuambia hujui?"

"Ninachokijua nimekisema, mzee. Nisichokijua nikikisema, kuna mtu atakwenda kuuza mahindi yake."

Yule mama akamuuliza ana maana gani, naye akasimulia. Mashine ya kusaga, lori, Mama Festo, yote. Hakujipamba. Alipomaliza walimwambia aende. Alitoka akakaa kando yangu, akaniambia, "Basi, Yunisi, turudi nyumbani. Nimejimaliza mwenyewe."

Majina yalipobandikwa, la kwake lilikuwemo. Langu halikuwemo. Nililia njia nzima kurudi Igamba, na yeye ndiye aliyenibebea mfuko.

Walimpeleka kata moja ya bondeni huko Momba, kwenye joto, kwenye vumbi, kwenye wafugaji na wakulima ambao hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Nilimtembelea siku moja nikakuta patashika. Uvumi ulikuwa umefika kwamba Serikali inakuja kuchukua ng'ombe wa watu wote waliohamia. Mzee mmoja mfugaji, Masanja, alikuwa ameshafungua zizi. Vijana wake wanaswaga ng'ombe kuelekea porini, na wakulima wanakusanyika na marungu kwa sababu njia ya porini inapita katikati ya mtama wao. Lusungu alisimama baina yao.

"Wewe mtendaji, ni kweli au si kweli?" Masanja akamuuliza.

Ingekuwa rahisi kusema si kweli. Watu wangetulia. Lakini alisema, "Mzee wangu, sijui. Ila nipe mpaka kesho jioni. Ng'ombe wakae zizini, na ninyi wenye mtama mrudi nyumbani. Nikirudi na jibu baya, nitakuja kulisema mbele yenu wote, sitalificha."

Wakamtazama. Masanja akawaita vijana wake warudi. Lusungu akapanda baiskeli, akapandisha mlima wote ule mpaka wilayani. Kesho yake jioni alirudi amepakiwa nyuma ya pikipiki ya bwana mifugo. Ng'ombe hawakuwa wa kuchukuliwa; walikuwa wa kuhesabiwa na kuchanjwa. Nilikuwepo, nilimwona mzee Masanja akivua kofia yake. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba yale mambo ya sasa tuliyokuwa tukiyakariri kisimani ni kitu ambacho watu wanaweza kukatana mapanga kwa kukosa kukijua sawasawa.

Mimi nilirudi kwa Mwalimu, safari hii bila orodha ya siri. Usaili uliofuata niliupita, nikaanzia utendaji wa kijiji huko Iyula, nikapanda ngazi taratibu mpaka na mimi nikawa nakaa upande wa pili wa meza, nikiwauliza vijana. Nimestaafu sasa. Lakini nimeona mengi kwenye meza ile, mwanangu, na nitakuambia ukweli wake.

Nimewaona vijana wenye shahada wakiingia na majibu yaliyofanana neno kwa neno, kwa sababu wote wamesoma faili moja lililozunguka kwenye makundi ya simu. Nimemsikia mmoja akitueleza kwa uhakika kabisa tangazo ambalo halijawahi kutolewa na ofisi yoyote. Ukimuuliza umelitoa wapi, anasema limetumwa. Limetumwa na nani? Hajui. Na yupo aliyetoka Tunduma, amezaliwa umbali wa kutupa jiwe na mpaka, anajua miji mikuu ya Ulaya, lakini tulipomuuliza malori yanakaa foleni kwa sababu gani, na foleni hiyo inamuumiza nani, akatazama dari.

Kwa hiyo nakuusia. Fuatilia habari kila siku, kidogokidogo, usingoje mkeka wa majina ya walioitwa usaili utoke ndipo uanze kumeza ya mwaka mzima. Ukiona kipande cha video, tafuta mwanzo wake na mwisho wake. Jambo kubwa lisikie kwa zaidi ya mmoja, na kama ni la Serikali, nenda kwenye kauli ya Serikali yenyewe, uangalie imetoka lini. Tofautisha lililoamuliwa na linalojadiliwa. Kisha toka nje, uliza watu wanaishi nalo vipi: mkulima wa kahawa, mama anayevuka kwenda kununua na kuuza, mfugaji wa bondeni, watu wa Ibaba wenye viazi vilivyokwama barabara ikiharibika. Hapo jibu lako litakuwa na damu. Na wakikuuliza usilolijua, waambie hujui, useme na utakalofanya ili ujue. Kuna jopo litakalokunyima alama kwa hilo, sitakudanganya. Sema hivyo hivyo. Kazi unayoiomba ni ya kuaminiwa, na mtu haanzi kuaminiwa siku anayopewa ofisi.

Sasa soma, halafu ulale mapema, macho yako yamekuwa mekundu. Mungu akufungulie masikio kabla hajakufungulia mdomo. Akukalishe mbele ya jopo bila hofu, akusimamishe mbele ya wananchi bila kiburi. Akupe siku yako, na ikifika, watu watakaokuja kukuuliza waondoke kwako wakiwa na amani. Nimekubariki, mwanangu. Nenda salama.